Kitabu cha Wakunga Mezani pa Forodha

Muuza vitabu alikaa kwenye benchi la ghala la forodha tangu asubuhi, akisubiri katoni yake ya vitabu kutoka ng'ambo, mpaka miguu ikafa ganzi. Kusoma hakujua, baba yake aliona shule ni ya watoto wa kiume tu. Vitabu vya mtumba alivichagua kwa kutazama picha na kupima unene, akavitandaza kando ya barabara, na kwa kazi hiyohiyo akamsomesha bintiye ukunga. Mume hakuchangia hata kalamu.

Hatimaye akaitwa. Afisa, kijana aliyenukia manukato, alikuwa amefungua katoni yake na kutoa kitabu kimoja.

"Mama, hiki ni kitabu cha matusi. Mwanamke uchi wa mnyama, tena kapanua miguu!"

"Mwanangu, huyo anazaa. Ulitaka azae na koti?"

Makarani wakaangua kicheko. Afisa naye midomo ilimcheza, ila akajikaza.

"Sheria hairuhusu picha za sehemu za siri kuingia nchini. Na kikipatikana kimoja, mzigo wote unazuiliwa."

"Ni cha wakunga. Kakiagiza binti yangu, ana mtihani."

"Basi weka pingamizi, uende mahakamani. Mzigo utakaa humu mpaka hakimu aamue. Au tia dole gumba hapa, ukubali kwamba hiki ni kichafu, tukakichome. Vingine uchukue sasa hivi."

"Na vikikaa humu, panya mmewaambia wasile?"

"Mama, amua. Watu wanasubiri."

Mahakama aliijua. Alikwenda kudai nyumba aliyoijenga na mumewe, akapigwa danadana hadi viatu vikaisha soli, na mpaka leo humo analala mwanamke mwingine. Na meza yake barabarani ilikuwa imebaki na vitabu visivyonunulika, vya kuzibia upepo tu. Akabonyeza dole.

Motoni hakikwenda. Afisa alikitia kwenye droo, na kabla mama hajamaliza kufunga kamba katoni yake, wanaume wawili wa ofisi ya pili walishainamia droo ile.

"Tunakagua ushahidi, mama," mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

Nyumbani bintiye aliipekua katoni mpaka chini.

"Mama, kiko wapi?"

"Wamekizuia."

"Wewe ukawaambiaje?"

"Nimekubali ni kichafu. Ningefanyaje, mwanangu? Wangezuia vyote."

Binti akaisukuma katoni kando. "Kile kilichomo kwenye picha ndiyo kazi yangu, mama."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekubali."

Akavaa viatu vyake vya zamu, akatoka bila kuaga. Muuza vitabu akabaki pale sakafuni, kitambaa mkononi, akivifuta vumbi kimoja kimoja vile vilivyobaki, vyote visafi machoni pa serikali.