Patroni Moja, Cherehani Mbili

Nakumbuka siku moja pale mtaani Gitega, nikiwa bado msichana wa kujifunza ushonaji, nilipomvalisha bibi harusi gauni, mikono yake ikakataa kukaa mabegani. Na harusi ilikuwa kesho, mwanangu.

Mama Hadija, aliyenifundisha kazi, alikuwa na cherehani mbili: ya umeme chumba cha mbele, ya miguu chumba cha nyuma kwa siku umeme ukikatika. Mimi kwa ujanja wangu nilitengeneza patroni mbili, yaani zile karatasi za kukatia nguo, nikaweka moja kila chumba nisichoke kutembea. Bibi harusi alipotaka mabega yapunguzwe, nikapunguza karatasi ya mbele. Ya nyuma nikaisahau. Umeme ukakatika, na mikono ya gauni nikaikatia chumba cha nyuma, kwa karatasi ya zamani.

Mama Hadija akanikazia macho. "Huyu ana miili mingapi?"

"Mmoja, Mama."

"Sasa karatasi mbili za nini? Mshika mbili, moja humponyoka!"

Tulifumua, tukakata upya, harusi ikafanyika. Tangu hapo patroni ilikuwa moja, kwenye msumari wa mlango wa katikati. Basi nami kwa furaha nikaanza kuchanganya kila kitu, hata bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ya cherehani hii nikaitia kwenye ile. Uzi ukasokotana. "Kula sufuria moja sawa," akanifokea, "lakini kila mtu na meno yake!"

Sasa sikia la juzi. Mjukuu wangu Divine, ninayekaa naye hapa Niboye, ana kompyuta moja yenye mifumo miwili, Windows na Linux. Akiiwasha anachagua aingie upi. Anaandika programu, na kesho yake alitakiwa kuwaonyesha waajiri ikifanya kazi pande zote mbili, ndipo wampe kazi. Upande mmoja ilikwenda. Kila akiigusa upande wa pili, iligoma. Kumbe kihariri, hicho anachoandikia, alikirekebisha upande mmoja tu. Wa pili kilibaki na mipangilio ya zamani, kikawa kinamvurugia nafasi za mistari, programu isisomeke.

"Mipangilio yake unaiweka wapi?" nikamuuliza.

"Kila upande una yake, Nyogokuru," akasema huku analia; ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

Niliruka kutoka kitini, na magoti yangu haya! "Patroni mbili! Divine, hizo ni patroni mbili!"

"Nyogokuru, wewe hata simu inakushinda…"

"Nyamaza. Tafuta msumari."

Akacheka, maana kisa cha gauni anakijua tangu utotoni, halafu akaacha kucheka. Faili la mipangilio akaliweka sehemu ya diski ambayo mifumo yote miwili inaifungua, akaelekeza kila upande usome pale pale. Akataka kutia humo na anwani za mahali kila mfumo unapoweka zana zake.

"Hizo ni za nguo au za cherehani?"

"Za cherehani."

"Basi ziache kwa mwenyewe."

Akanyoosha mistari, akaingia huku, akazima, akaingia kule. Inakwenda! Tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Na kazi ameipata, Jumatatu anaanza!

Basi shika hili, mwanangu. Namna yako ya kufanya kazi iandike mara moja, ikae mahali pamoja; ukirekebisha pale, umerekebisha kote. Kilicho cha mashine iachie mashine, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Na usione uvivu kutembea mpaka kwenye msumari. Uvivu wa hatua tano nusura umwache mtu bila gauni.

Mungu aibariki mikono yako, isikate nguo moja mara mbili.