Hamna Shida na Prosesa ya Mama

Mume wangu ana jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, limo hata kwenye cheti chetu cha ndoa, lakini mtaa mzima unamwita Hamna Shida. Siku hizi nikimwita kwa jina lake halisi anageuka kutazama kama kuna mgeni nyuma yake. Ni fundi wa kompyuta na simu. Ukimletea simu iliyotumbukia chooni, hamna shida. Ukimwomba Jumamosi asubuhi akusaidie kuhamisha kitanda, hamna shida, na jirani mwingine akimwomba saa ileile amshikie ngazi, huyo naye hamna shida. Jumamosi ikifika anajificha chumbani, na mimi ndiye ninayesimama mlangoni kusema kaamka na homa. Si mwongo, jamani. Anaogopa neno moja tu, nalo ni "hapana".

Siku alipokuja kuposa, mama yangu alimuuliza mbele ya wazee, "Huyu binti ana mdomo. Utamuweza?" Akajibu kama kawaida yake. Wazee wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mama hakucheka, na tangu siku hiyo mume wangu akimwona mama mkwe wake anakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mama ana studio ya video za harusi nyuma ya duka la viatu. Ni chumba kimoja chenye pazia zito, kompyuta ya zamani, na kiti chenye mto ambacho hakuna mwingine anayethubutu kukikalia. Mimi nakaa mbele, napokea wateja na kuwatuliza, maana kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka mpaka inatia huruma. Ukiiagiza itoe video nzima, unaweza kwenda sokoni, ukarudi, ukapika, ukala, na ukiichungulia ndiyo kwanza imefika kwenye kukata keki. Kuna bibi harusi alikuja kuchukua video yake akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto ana meno.

Basi mama mdogo akamletea dada yake prosesa aliyobakiwa nayo, mpya kuliko ya mama kwa miaka kadhaa. Ni kidude cha mraba kisichozidi biskuti, lakini ndicho kinachofanya kompyuta ifikiri. Jumapili tukiwa mezani, ukoo mzima, mama akakiweka kando ya sahani yake.

"Mkwe," akasema, "bodi yangu ni ya zamani. Itaikubali hii?"

Bodi ni ule ubao mkubwa wa ndani ambao vitu vyote huchomekwa juu yake. Jibu la fundi yeyote mwenye akili timamu ni "ngoja kwanza nifungue niangalie". Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nadhani alifikiri namtia moyo.

"Itakubali, mama, hamna shida. Na ile ya zamani haitakuwa na kazi tena."

Kesho yake akaja studio na bisibisi zake. Akaing'oa prosesa ya zamani, akaifuta, akaiweka mezani. Wakati huohuo akapita mwanyumba wake, yaani mume wa dada yangu, muuza vioo, mkwe mkubwa na kipenzi cha mama. Mama akaichukua ile ya zamani akamkabidhi. "Peleka ikaongeze nguvu kwenye kompyuta ya watoto, mwanangu. Nimeambiwa haina kazi." Mwanyumba akaitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaaga, akaondoka.

Prosesa mpya ikaingia kwenye nafasi yake bila ubishi. Mume wangu akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, kijitaa kikawaka, kioo kikabaki cheusi tii.

"Inafikiri?" mama akauliza kutoka kwenye kiti chake, anamenya karanga.

"Inafikiri, mama."

Akazima, akawasha. Akaichomoa, akaichomeka. Kisha akatoka nje ya pazia na simu yake mkononi, akainama pale kaunta kwangu, anasoma maelezo ya waliotengeneza ile bodi. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kope.

"Inakubali," akaninong'oneza. "Ila bodi yenyewe ilitengenezwa kabla hii prosesa haijazaliwa. Haiijui. Ndani yake kuna programu ndogo ya kuwashia, inabidi niweke toleo jipya ndipo imtambue huyu mgeni."

"Si uiweke."

"Siwezi kuiweka mpaka kompyuta iwake. Na haiwaki bila prosesa inayoijua."

"Ipi hiyo?"

 Akatazama mlangoni, kule alikopitia mwanyumba wake akiondoka na ile ya zamani, na mimi nikashika kichwa. Harusi za watu zimo ndani ya mashine ile. Mama ana mdomo wa kuahidi na ngozi ngumu ya kutukanwa na wateja, lakini hajawahi kushindwa kutoa kazi ya mtu. Na sasa mkwe wake alikuwa amemzimia duka zima kwa ajili ya kuogopa kusema sijui.

"Mwambie," nikamwambia.

"Nitamwambia ikishawaka."

Kwanza akajaribu kumwondoa mama studio. "Mama, si ukapumzike nyumbani kidogo? Hii itachukua muda." Mama akasema amepumzika. Akamwambia nje kuna upepo mzuri. Mama akasema upepo anao wa feni. Mwishowe akachomoka mwenyewe mbio hadi kwa muuza vioo, akamwangukia, akarudi akihema na kile kidude kwenye kiganja. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa; nikamfuata nyuma ya pazia na risiti zangu mkononi. Mwanyumba alikuwa amekikalia njia nzima.

Prosesa ya aina ile ina vijiti vidogo chini yake, vingi, vyembamba kama nywele za mswaki. Ubavu mmoja vilikuwa vimelala. Mume wangu akavielekeza kwenye taa, akachukua wembe mwembamba, akakunja uso, akajaribu kuvisimamisha kimoja kimoja. Haoni. Akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Haoni kabisa. Chumba kizima kilikuwa na miwani moja ya kusomea, nayo ilikuwa puani kwa mama.

Akaweka wembe chini.

"Mama," akasema, "naomba uniazime miwani yako."

"Ya nini?"

"Hamna..." akaanza, neno likamkatikia njiani. Mama akaacha kumenya karanga. Halafu akapiga moyo konde, akasema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayejitupa kwenye maji baridi. "Mama, nilikwambia itakubali na sikuwa nimeangalia. Nilikwambia ya zamani haina kazi, na bila hiyo hii mpya haiwaki. Hii hapa imepinda. Nikivunja kijiti kimoja, sijui nitafanya nini. Sijui kabisa."

Mama akamtazama mpaka mimi nikaanza kuona aibu kwa niaba yake. Kisha akavua miwani.

"Unajua kwa nini huwa nakwenda kuuliza mafundi wengine mambo ya mashine hii na mkwe ninaye?" akasema. "Kwa sababu kukuuliza wewe ni kama kujiuliza mwenyewe; unanijibu ninachotaka kusikia. Shika. Mimi nitakumulikia."

Akasimama, akashika tochi ya simu juu ya mikono ya mkwe wake, na wote wawili wakaacha kupumua. Kijiti cha mwisho kiliposimama, prosesa ya zamani ikarudi mahali pake, kioo kikawaka, na programu mpya ikaanza kuingia kutoka kwenye flashi huku mimi nikiuomba umeme usikatike. Ikaisha. Akabadilisha tena, akaweka ile mpya, akabonyeza. Kompyuta ikaamka kabla mama hajafika kwenye kiti chake.

Mama akafungua harusi iliyokuwa imekwama. Picha zikapita zinateleza.

"Na zikitoka nyingine mpya zaidi," akauliza, "bodi hii itazikubali?"

Nikasubiri jibu lile ninalolijua.

"Hapana, mama," mume wangu akasema. "Nimeangalia. Hii ndiyo ya mwisho. Ukitaka zaidi ya hapa ni kununua bodi nyingine."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei ya haki. Akasimamisha picha palepale bibi harusi anapoingia ukumbini. Akaitazama kwa muda, akachukua miwani yake kwa mkwe, akaivaa, akaivua tena.

"Haya, kwa kuwa leo unasema," akasema. "Hizi rangi ninazoweka. Wateja wananisifu, binti yangu ananisifu. Wewe unazionaje?"

Mimi nikainamia risiti zangu, nikaanza kuzipanga upya.

"Mama," akasema mume wangu kwa upole, "tangu mwaka jana mabibi harusi wako wanatoka wa buluu. Kama wametolewa kwenye friji."

Hakuna aliyecheka. Mama akageuza kiti chake chote kunielekea mimi.

"Na wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, mama."

"Mimi naona nyeupe," akasema. Akaikunja miwani taratibu, akaiweka juu ya meza. "Haya. Kesho nani ananipeleka kwa daktari wa macho?"