Kumtarjumia Mwajemi Wetu

Siku ya kwanza kazini nilikaa chini karibu na spika, na Mwenyekiti wa kina bibi akanambia, "We soma tu. Usitie chako."

Kazi yenyewe ni hii, nyinyi wadogo zangu mnaoichukua. Kina bibi wa Kizanzibari hapa Ibra, Omani, hukutana Alhamisi baada ya alasiri kutazama filamu za mwigizaji mmoja wa Kiirani. Wenyewe wanamwita Mwajemi wetu. Huigiza wanawake wa kawaida: mfanyakazi wa kiwandani, mama anayegombea watoto mahakamani, mjane. Anasema Kiajemi, maandishi ya chini ni Kiarabu na yanapita mbio, macho ya kina bibi hayayawahi. Kwa hiyo lazima mtu ayasome na kuyasema kwa Kiswahili, kwa sauti. Huyo ndiye mtarjumani. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, niko nyumbani nangoja kazi, nimechoka kungoja. Nikachukuliwa.

Kuna kuwahi, yaani umalize kusema kabla Mwajemi hajafunga mdomo. Na kuna kushusha. Neno kali unalileta chini, maana wewe mtoto huwezi kusema maneno makali mbele ya wakubwa, hata kama msemaji ni mtu wa kwenye filamu. Hapo Mwenyekiti hakuwa na mchezo.

Kisha kina bibi wa mji wa Sur wakanitaka. Msimamizi wa kule, mke wa mfanyabiashara, alikuwa analia filamu haijaanza, basi nilitarjumu huku nampa tishu. Nilipokwenda Manah, msimamizi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na huyo alitaka kila kitu. "Na yule mbwa kasema nini?" Wallahi aliniuliza hivo.

Nikarudi Ibra. Wakati huo Bi Zuwena, mmoja wa kina bibi zetu, alikuwa na mtihani nyumbani. Binti yake Raya kapata kazi ya ualimu Dima wa Tayyin, majabalini, na lazima akaishi huko huko. Bi Zuwena kakataa. Jumapili Raya alitakiwa atoe jibu.

Alhamisi hiyo Mwajemi wetu ni mjane, anataka kuendesha teksi. Kaka yake mkubwa hataki. Anasimama mlangoni, hapandishi sauti, anamtazama kaka yake, halafu anasema. Mimi nikashusha: "Kaka, tafadhali, nakuomba uniruhusu."

Kaka akabamiza mlango.

"Khaa! Hasira za nini, na dada kaomba kwa adabu?" akauliza bibi mmoja.

"Mtarjumani katia sukari," mwenziwe akasema, wakacheka.

Bi Zuwena hakucheka. "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Akausogelea ukuta wenye picha, akamtazama yule mwanamke usoni. "Jicho hili haliombi. Ninalo moja kama hili nyumbani. Kasema nini, mwanangu?"

Nikamtazama Mwenyekiti. Akatazama kikombe chake, halafu akasema, "Haya, sema."

"Kasema, 'Sikuombi ruhusa. Nakupa habari.'"

Raya alikuwa anapitisha kahawa. Bi Zuwena akamgeukia. "Na wewe juzi, uliniomba au ulinipa habari?"

Raya akaweka dalla, lile birika la kahawa, chini. "Nilikuomba, mama."

"Na leo?"

Raya akautazama ukuta, akamtazama mama yake. Nilitamani kumsemea, nilishazoea kuwasemea watu. Nikajizuia.

"Leo nakupa habari, mama. Nakwenda. Lakini nataka radhi zako."

"Radhi unazo toka tumboni. Mimi nina khofu tu. Huko baridi, na kupika hujui."

"Wali wake uji!" akadakia bibi mwengine.

"Basi kila Ijumaa ateremke aje kula kwangu," akasema Bi Zuwena. "Washa filamu. Nataka kumuona na teksi yake."

Raya kaenda. Mimi Jumapili hii naanza kazi duka la dawa Nizwa, kwa hiyo nastaafu utarjumani nina umri wa miaka ishirini na mbili, chekeni. Yule mwigizaji hajui kama Ibra ipo, lakini uso wake ulimfikia Bi Zuwena kabla ya maneno yangu. Wadogo zangu, tazameni uso kwanza, ndiyo msome. Na msishushe maneno mpaka msemaji mwenyewe akapotea.

Siku hizi Bi Zuwena akimpigia Raya hataki sauti peke yake. "Washa kamera," anamwambia. "Nikuone unavosema u mzima." Raya anawasha, majabali yako nyuma yake, na mama anatazama muda mrefu kabla hajasema, "Haya, nimeamini."