Miguu Miwili Chini ya Dawati Moja

Mimi sikuzaliwa kukaa. Nilizaliwa Arash, kijiji cha wafugaji, na kule mtoto akikaa chini wakati mifugo inatembea, huulizwa kama anaumwa. Chochote nilichokijua kabla ya shule nilijifunza nikiwa kwenye mwendo: njia za maji, sura za ng'ombe wa baba, nyimbo, hata sala. Kwa hiyo nilipopelekwa sekondari ya bweni ya wasichana Karatu, baridi haikunisumbua, wala makande ya kila siku. Kilichonisumbua ni kiti.

Kwa miaka mitatu nilikwepa. Mzunguko wa damu niliusoma nikienda na kurudi kati ya jiko na tangi la maji. Historia niliimalizia kando ya uzio, huku magari ya watalii yakipanda kuelekea lango la Ngorongoro na kunitimulia vumbi jekundu. Walimu waliniita mtoro wa prepo, kile kipindi cha kujisomea jioni, na kunipa adhabu ya kufagia uwanja, adhabu niliyoipenda sana kwa sababu kufagia nako ni kutembea. Majaribio ya darasani yalikuwa mafupi, nikapita nayo hivyo hivyo, na nikajidanganya kwamba mambo yako sawa.

Halafu ukaja mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, ule tuliouita moko. Katikati ya karatasi ya Baiolojia miguu ilianza kuniwasha kwa ndani, mahali pasipokunika. Nikaibadilisha, nikaikunja, nikaibana chini ya dawati. Kichwa kikawa cheupe kabisa. Mwisho nikashindwa, nikakusanya karatasi yangu nusu tupu na kutoka nje. Sikufika hata kwenye kona ya jengo kabla majibu hayajaanza kurudi, moja baada ya jingine, kama ng'ombe wanaorudi jioni bila kuitwa. Nilikuwa na majibu yote na sina karatasi. Nililia kwa hasira, nikaupiga ukuta teke.

Mwalimu wa taaluma aliniita, akaniambia kwamba kwa mwendo ule kidato cha tano nitakisikia kwa wenzangu. Baba alipiga simu kutoka juu ya kilima, ambako ndiko mtandao unapatikana. Hakugomba. Alisema tu kwamba hakuna kurudia mtihani wa taifa. Nikifeli, nirudi nyumbani, habari ya shule iishie hapo. Mimi nilitaka kuwa daktari wa mifugo. Nilikitaka kidato cha tano mpaka nikawa nakiota.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa rafiki yangu, binti wa wakulima Wairaqw wa pale pale Karatu, watu wanaolima ngano na maharage kwa ng'ombe wa plau. Alikuwa mtulivu wa kutia wasiwasi. Prepo nzima angeweza kukaa bila kugeuza shingo, macho kwenye kitabu, na mimi pembeni nimeshanyanyuka, nimekaa, nimechonga penseli, nimenyanyuka tena. Nilimwonea wivu mpaka nikawa namchukia kidogo.

Siku chache baada ya moko, jioni, alitoa kipande cha khanga mfukoni, akainama, akaufunga mguu wangu wa kushoto na wake wa kulia. Akanieleza kwamba kwao dume changa lisilojua kulima hufungwa nira moja na maksai mzee. Litavuta, litaruka, lakini mzee anabaki amesimama tu, mpaka lenyewe lichoke.

Aliniudhi sana. Kwetu ng'ombe hafungwi mti shingoni. Wazee wetu wakipita Karatu na kuona plau shambani, hugeuza uso kama wameona mtu uchi. Nikamwambia kwamba watu wa kwao wamewageuza ng'ombe kuwa punda, na mimi si punda. Alicheka, akakaza fundo.

"Basi ruka," alisema.

Niliruka. Kila nilipotaka kunyanyuka nilimvuta, naye alishtuka, akafunua ukurasa, akaendelea. Nilivuta kwa bahati mbaya, nikavuta kwa makusudi, na yeye hakulalamika hata mara moja, jambo lililoniudhi zaidi. Polepole nilianza kukaa muda mrefu kidogo kuliko jana, lakini kukaa kwenyewe kulikuwa kwa mtu aliyefungwa. Akili ilikuwa nje.

Jioni moja nikachoka. Nikafungua fundo kimya kimya, nikatoka, nikazunguka tangi mpaka nikatulia. Niliporudi, mwalimu wa zamu alikuwa amesimama mbele ya dawati letu. Rafiki yangu alikuwa amelala fofofo, shavu juu ya kitabu cha Kemia, mate yamelowanisha ukurasa. Aliamshwa, akasimamishwa mbele ya darasa mpaka kengele ilipolia.

Tukielekea bweni nilimpa pole na kumwambia kwamba uchovu humpata kila mtu. Akasema si uchovu. Amekuwa hivyo tangu utotoni. Akikaa tu, usingizi unamchukua, na amejifunza kulala macho wazi, shingo imenyooka. Utulivu wote ule niliouonea wivu ulikuwa usingizi.

"Sikukufunga wewe," alisema. "Nilijifunga mimi. Ukivuta, naamka."

Kwanza nilikasirika, maana nilijiona nimetumiwa. Halafu nikaanza kucheka, naye akacheka, tukashikilia ukuta wa bweni. Muda wote ule nilikuwa nikijiona dume changa, kumbe kwenye nira ile hakukuwa na maksai mzee hata mmoja.

Ndipo tulipoanza kusoma kwa akili. Jumamosi, tukitumwa kuni, tulitembea tukiulizana maswali, na yeye akitembea hakusinzia kamwe. Jioni tulifungana na kujibu mitihani ya miaka iliyopita, bila kunyanyuka, bila kuchungulia daftari, kila mara tukiongeza muda. Nilipoanza kuhangaika alinifinya. Na mimi niliujua mguu wake, maana mguu wa mtu anayesinzia huwa mzito. Nikiuhisi tu umelegea, navuta.

Mtihani wa taifa ulipofika, tulipangwa kwa namba. Mimi chumba cha kwanza, yeye cha pili, kila mtu na dawati lake. Asubuhi ya Baiolojia mvua ilishuka juu ya bati, mvua ile ya taratibu isiyokatika. Miguu ilianza mahali pale pale ilipoanzia kwenye moko. Niliikaza sakafuni nikaendelea kuandika. Kisha nikasikiliza ile mvua na kukumbuka: hiyo ndiyo sauti iliyomlaza yeye kuliko zote, na kule alikokaa hakukuwa na mtu wa kumvuta. Nilitaka kunyanyuka. Safari hii si kwa ajili ya miguu yangu. Nilitaka kwenda kumwamsha, na sikuwa na namna. Ningetolewa, na yeye pia. Niliandika kwa hasira, nikajaza karatasi, nikaomba nyingine, na msimamizi alipotangaza kwamba muda umekwisha nilikuwa bado nimekaa.

Nilikimbilia mlango wa chumba cha pili. Alitoka miongoni mwa wa mwisho, macho mekundu kabisa. Habari za mtihani sikuzitaja. Nilimuuliza kama alilala.

Alininyooshea mkono wa kushoto. Kuanzia kidole gumba mpaka karibu na kiwiko ulikuwa na alama za meno, nyingine zimevimba, mbili zinatoa damu.

"Sijalala," alisema.

Nililia pale mlangoni mbele ya wasimamizi, wala sikuona aibu. Kisha tukaenda kunywa uji haraka haraka, kwa sababu mchana kulikuwa na karatasi nyingine, na mkono uliobaki mzima ulikuwa wa kuandikia.