Bomba Linang'ata Likiunguruma

Mama mkwe wangu alipoanza kusema bomba la uani linamng'ata, nyumba nzima ilicheka.

Mimi pia nilicheka, ila kwa adabu. Mkwe hachekwi hovyo.

"Cheka tu, mwanangu," akaniambia. "Likiunguruma, linang'ata."

Baba mkwe, fundi umeme mstaafu, akamnunulia ndala nene za mpira. "Vaa hizi, uache maneno."

Tukasema, jamani, mapenzi ya wazee!

Mimi nilikuwa pale kikazi. Natengeneza mitambo midogo kwa zile bodi za kuprogramu zinazoenea kiganjani. Hii ilikuwa kazi ya kitoto: sensa ya kupima maji ndani ya tangi la chuma, bodi isome maji, yakipungua iwashe pampu, yakijaa iizime.

Mezani ilitii kila amri. Kwenye tangi ikapagawa.

Pampu ikiwaka tu, bodi inadai tangi limejaa, kumbe tupu. Inazima. Inawasha tena. Nikabadilisha sensa, nikabadilisha waya, wapi! Bodi ya kwanza ikaungua. Ya pili nayo ikaanza kunuka.

"Midoli hiyo," baba mkwe akasema. "Pampu nimeifunga kwa mkono wangu. Haijawahi kusumbua mtu."

Nani angembishia? Mimi nilikuwa namwogopa, sifichi.

Mchana mmoja nikachoka. Nikaizuia pampu kwa muda, nikakaa sebuleni kuandika programu mpya: pampu ikiwaka, bodi isiisikilize sensa, isukume maji tu. Nikiituma kwenye bodi, pampu inawaka hapo hapo.

Kidole kikawa juu ya kitufe.

Uani nikasikia ndoo ikiburutwa.

"Mwanangu!" mama mkwe akaita. "Usiwashe kwanza. Nimeshika bomba, na leo sina ndala, zimekatika."

Nikaondoa kidole.

Likiunguruma, linang'ata. Na bodi yangu je? Si nayo inapagawa pampu ikiunguruma? Wote wawili walikuwa wanalalamikia kitu kimoja.

"Achia!" nikapiga kelele. "Mama, achia bomba! Toka hapo!"

Baba mkwe akaja amekunja uso. "Unamfokea nani wewe?"

Nikaona heshima yangu ukweni imeishia hapo. Potelea mbali. Nikachukua bisibisi ya tesita, ile ya kupimia umeme, kwenye boksi lake, nikahakikisha mama yuko mbali, nikawasha pampu, nikagusa bomba.

Taa ya tesita ikawaka.

Nikazima pampu. Taa nayo ikazimika.

Nyuma ya pampu tukakuta kiungo cha waya kilichofungwa kwa utepe. Utepe umeoza, shaba imelalia chuma. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, hakuna kabisa. Bomba, tangi, maji, vyote vilikuwa na umeme.

Nilitegemea baba mkwe abishe. Hakubisha. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia chini.

"Hata mimi liliwahi kunipiga," akasema. "Ningesemaje kwa watu, fundi mzima?"

Mama mkwe akamtazama, kisha akatazama miguu yake iliyolowa.

"Kwa hiyo ndala zile..."

Aliingia ndani akafunga mlango, na mzee hakuthubutu kubisha hodi.

Ile programu niliifuta. Wewe unayefunga vifaa vyako nyumbani, nakusihi: kifaa kikilalamika, usikimbilie kukinyamazisha. Kamuulize kwanza anayechota maji pale. Akikujibu, usicheke.