Kichuguu cha Nyuma ya Jiko

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mama alikwenda Nachingwea kumuuguza dada yake. Aliniachia kuku, jembe na maneno machache: "Nikirudi niikute nyumba imesimama." Nilicheka. Nyumba itakwenda wapi? Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kazi yangu kupalilia ufuta huku nikiupanga kichwani mgahawa nitakaoufungua Ruangwa mjini, wenye vitambaa vya meza.

Kwetu Mandawa nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, ukiipita ni mikorosho tu. Kuna siku nilishinda mpaka jua linazama sijasema na mtu. Kilichowaleta watu uani kwetu ni kichuguu cha nyuma ya jiko. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huruka jioni, na majirani wanakuja na ndoo na mienge ya nyasi, wanakamata, wanataniana, wanakaanga palepale. Uani kunakuwa kama harusini. Mimi mvua ile nilikuwa naisubiri kuliko Idi.

Lakini mchwa wa kichuguu hichohicho ndio waliokuwa wanaila nyumba yetu. Nguzo ya kona, chumbani kwa mama, ukiibonyeza kidole kinazama.

Bwana shamba, mtu wa Bukoba aliyeletwa kwetu kikazi, akanipa vijisanduku vya plastiki vyenye vipande kama vya mbao laini, dawa imo ndani.

"Hii haiui papo hapo," akasema. "Mchwa mchanga anakua kwa kujivua ngozi. Akila hii, ngozi haimtoki, anakufa. Wakubwa wanazeeka, wadogo hawakui, kichuguu kinakwisha chenyewe. Wewe kazi yako ni kutofanya kitu."

"Hiyo naiweza."

"Usifunue, usimwage mafuta ya taa. Waache wale kwa raha."

Tukavifukia karibu na njia zao. Kila nikipita niliwasalimu. Niliwaonea huruma kwa kweli, mtoto amebanwa na nguo yake mwenyewe na hakuna wa kumvua.

Sasa, jirani yetu wa karibu alikuwa bibi mmoja, Kiswahili chake kimejaa Kimwera. Alipita siku moja nikiwa shamba, akafunua, akakuta mchwa wamejaa tele wanatafuna. Sisi watu wa korosho dawa tunayoiamini ni salfa: unaipuliza, inanuka, unaiona imekaa kwenye majani. Bibi akaenda kwake, akarudi na salfa, akavimwagia vijisanduku vyote.

"Mjukuu wangu, siku hizi unafuga mchwa?" akaniuliza niliporudi. "Dawa gani hii, wanakula wananenepa? Nimekusaidia."

"Asante, bibi." Ningesema nini kingine?

Mchwa wakavihama vijisanduku, wakarudi nguzoni. Bwana shamba alipokuja aliinama, akanusa, akatikisa kichwa. "Salfa. Sasa inabidi tuanze upya, upande wa pili. Niweke?"

Bibi alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. "Hawa wakiisha, kumbikumbi watatoka wapi?"

"Hawatatoka, bibi. Kumbikumbi ni watoto wa humohumo."

"Basi na sisi hapa tutakuja kufanya nini? Kumtazama huyu? Nimeshamwona."

Tukacheka wote watatu. Mimi nikaacha mapema. Mara ya kwanza sikuwa nimewaza hivyo. Niliwaza nguzo tu. Sasa niliiona mvua ikinyesha na uani hakuna mtu. Nikageuka kuitazama kona ya chumba cha mama, ukuta umeanza kutoka tumbo.

"Weka," nikasema. "Na wewe bibi, tafadhali, salfa peleka kwenye mikorosho."

"Nimesikia, mwenye mchwa wako."

Safari hii hakuna aliyevigusa. Pole pole njia za udongo ukutani zikakauka, ukizigusa zinapukutika, na ndani hamna kitu. Tukabadilisha nguzo, nikaikandika kona kwa mikono yangu.

Mvua ilipokuja, jioni mienge ilipita njiani. Waliniita jina, wakanisalimu, wakaniuliza habari za mama, wakaendelea kwenye kichuguu cha watu wengine huko mbele. Bibi akanipungia ndoo. Nilitandika kitanda cha mama, ingawa hakuwa amesema anarudi lini, kisha nikakaa mlangoni nikiwasikiliza wakicheka kwa mbali, nikijaribu kutambua ni nani anayetaniwa.