Mwisho Nilioupa Sifa

Naikumbuka alasiri moja ya mvua, mwanangu, katika duka la vitabu vya mitumba nilimokuwa nauza hapa Durban, Barabara ya Umbilo. Nilikuwa kijana, mgeni kutoka Tanga, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi mno. Wewe umeniletea daftari la hadithi yako, unataka niisifu kwa maneno mawili matatu nyuma ya jalada. Kabla sijakujibu, nisikilize.

Rafu niliyoipenda ilikuwa ya riwaya za fantasia, zile za mwanzo mwanzo zilizoandikwa kwa watu wazima. Wachapishaji wake walikuwa na kazi, maana mtu mzima aliona haya kushika kitabu chenye joka jaladani. Basi wakambembeleza kwa maneno. Nyuma waliandika kwamba hiki si cha watoto, kwamba msomi fulani hakupata usingizi mpaka alipokimaliza. Karibu vyote walivifananisha na kitabu kilekile kimoja mashuhuri, kisha mstari unaofuata wakaapa kwamba hakina mfano! Nilicheka, lakini maneno yale yalinilevya. Siku zisizo na wateja nilisoma majalada tu, moja baada ya jingine, mpaka nikajiona nimezizunguka falme zote zile. Vitabu vyenyewe sikuvisoma hata kumi.

Katika saluni ya ng'ambo ya barabara alikuwa akisuka nywele Furaha, dada wa Kikongo kutoka Bukavu. Akipumzika, aliandika hadithi ya mwanamke anayetembea usingizini chini ya ziwa, kila hatua akisikia mama yake akimwita kutoka ufukoni. Alinisimulia kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, na malori ya kwenda Clairwood yakapita nisiyasikie. Siku moja akaniletea daftari.

“Kaka, soma yote, pole pole. Usiruke hata page moja. Halafu uniandikie ile maneno ya nyuma.”

“Sharp, dada,” nikakubali.

Nilisoma kurasa nne, nikaona nimeshajua inakoelekea, nikaliweka chini ya kaunta. Kila asubuhi Furaha alinipungia mkono kutoka saluni, akinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Nami nilimpungia. Wiki mbili zikapita, ndipo nikaandika kwa majivuno: “Riwaya isiyo na mfano, kwa watu wazima ambao bado wanaota. Mwisho wake utakutoa machozi.”

Akaja alasiri ile, kilemba kimelowa. Nikamkabidhi daftari na karatasi yangu; akaisoma karatasi akiwa amesimama, akairudia.

“Kaka, ile mwisho unasifu, iko wapi?”

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akalifungua daftari ukurasa wa mwisho, akanigeuzia. Hadithi ilikatika mwanamke akiwa katikati ya ziwa. Chini yake palikuwa na kalamu nyekundu: Kaka, hapa nimekwama. Mama ni mgonjwa, anataka nirudi. Huyu mwanamke arudi, ao aendelee? Niambie. Sina mtu mwingine wa kuuliza.

Kuna mambo mtu huweza kuyasema kwa kalamu tu, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeyafungia chini ya kaunta.

“Eish, dada, nisamehe. Niachie, nalisoma leo hii.”

“Haina maana tena, kaka. Mama walimuzika juzi.”

Hakunitukana. Alichukua daftari, akaniachia karatasi yangu. Baadaye alihama mji, na sijui kama yule mwanamke alitoka ziwani. Karatasi bado ninayo, na kila nikiisoma naona aibu ileile.

Kwa hiyo nakusihi. Mtu akikupa alichokiandika, kisome mpaka mstari wa mwisho kabla hujafungua mdomo, hata kama unampenda, na hasa kama unampenda. Wachapishaji walikuwa wanatafuta wanunuzi, siwalaumu sana. Furaha alitafuta msomaji mmoja. Nawe ukisifiwa haraka haraka, muulize anayekusifu amefika ukurasa wa ngapi.

Daftari lako ninalo hapa dirishani, Berea, na nimefika ukurasa wa kumi na saba. Maneno ya jalada yatangoja. Nimeona swali uliloandika pembeni kwa penseli, ukalifuta nusu. Njoo kesho tuzungumze. Mungu akufikishe mwisho wa hadithi yako salama, na njia nzima usikose mtu wa kumuuliza.